Kaburi Lililopakwa Chokaa

Akina mama wapendwa, yako maneno tuliyoyatoa katika Biblia tukayapeleka kisimani, sokoni na kwenye vikao vyetu, mpaka tukasahau tulikoyatoa. "Kaburi lililopakwa chokaa" ni mojawapo. Mwanamke anapita zake asubuhi ya Jumapili, kitenge kipya, kilemba kimekaa sawasawa, Biblia kwapani. Mwenzake anamnong'oneza jirani: "Mwone hivyo hivyo. Lile ni kaburi lililopakwa chokaa." Wanacheka kidogo, kisha wanaingia kanisani nyuma yake. Aliyesemwa hana la kujitetea, maana hata hakusikia.

Mwezi huu nataka tulitazame neno hili taratibu, kwa sababu ni tusi zito na sisi wanawake twarushiana kwa wepesi mno. Nadhani pia mara nyingi twamrushia asiyestahili, na yule anayestahili anakaa mbele akiongoza pambio.

Maana yake ya kawaida sote twaijua. Ni mtu ambaye kwa nje anapendeza, na ndani yake kumeoza. Kwa kifupi, mnafiki. Neno lenyewe "mnafiki" limetujia kutoka Kiarabu, na wajuzi wa lugha hiyo hulihusisha na shimo la panya wa jangwani lenye milango miwili: ukimvizia huku, yeye ametokea kule. Kiswahili kina neno lake jingine tamu, "ndumakuwili", ambalo ni jina la nyoka mfupi anayedhaniwa kuwa na kichwa huku na huku, hivyo aweza kuuma kuwili. Na katika Injili, zilizoandikwa kwa Kigiriki, neno lililotumika ni hypokrites. Hilo lilikuwa jina la mwigizaji wa michezo ya jukwaani, ambaye siku zile alivaa kinyago usoni akasema maneno ya mtu mwingine.

Panya, nyoka na mwigizaji, wote watatu wana ujanja. Lakini kaburi halina ujanja wowote. Limelala tu pale pale lilipo, na anayepata hasara ni yule anayelikaribia. Naomba tulishike hilo, kwani huko mbele tutalihitaji.

Neno hili lilitoka kinywani mwa Bwana Yesu mwenyewe, nalo limo katika Mathayo sura ya 23, mstari wa 27 na 28. Alikuwa Yerusalemu, Hekaluni, siku chache kabla ya Pasaka ile ambayo alisulubiwa. Mbele yake palikuwa na umati wa watu na wanafunzi wake, na maneno yaliwahusu waandishi na Mafarisayo, yaani walimu wa dini. Sura hiyo ina "ole" baada ya "ole". Akafika mahali akawafananisha na makaburi yaliyopakwa chokaa: ukiyatazama yanapendeza, ukifungua utakuta mifupa na uchafu.

Sasa, sisi husoma mstari huu kwa macho ya kwetu, na kwetu chokaa ni pambo. Krismasi ikikaribia, kijiji kizima kinanuka chokaa mbichi; baba amepanda ngazi na watoto wamechafuka mpaka kope. Huko pwani watu wamechoma mawe ya matumbawe kuwa chokaa kwa karne nyingi, na majumba ya zamani ya Kilwa na Lamu yamejengwa nayo. Mgeni mkubwa akitarajiwa mjini, hata mawe ya kando ya barabara na mashina ya miti hupakwa chokaa, na wiki moja baada ya yeye kuondoka mvua imekwisha kuiosha. Makaburi nayo twayapaka, kwa heshima ya wapendwa wetu. Basi tukisikia kaburi limepakwa chokaa, twafikiri mara moja kwamba mtu amelipamba ili ubaya wake usionekane.

Kwa Wayahudi wa siku zile chokaa ya kaburi ilikuwa na kazi nyingine kabisa. Fungua Hesabu sura ya 19. Sheria ya Musa ilisema kwamba mtu akigusa maiti, au mfupa wa mtu, au kaburi, anakuwa najisi siku saba. Ilimpasa anyunyiziwe maji ya utakaso siku ya tatu na tena siku ya saba. Mtu najisi hakuweza kuikaribia ibada. Katika Hesabu sura ya 9 tunasoma habari za watu waliokuwa wamenajisika kwa maiti, wakashindwa kuishika Pasaka pamoja na wenzao. Waliambiwa wangoje mpaka mwezi wa pili.

Fikiri basi juu ya familia iliyotoka Galilaya kwa miguu, siku kadhaa njiani, mama akiwa na mtoto mgongoni na chakula kichwani. Wamebakiza hatua chache kuingia Yerusalemu. Mtoto anakimbilia pembeni kucheza, mama anamfuata, wote wawili wanakanyaga kaburi lililofunikwa na majani. Safari yote ile imeharibika! Wengine watakula Pasaka, wao wataketi nje kama wageni. Yohana 11:55 anatueleza kwamba watu wengi walipanda kwenda Yerusalemu mapema, kabla ya sikukuu, ili wajitakase kwanza. Hofu hiyo ilikuwa ya kweli.

Kwa sababu hiyo palikuwa na utaratibu. Mishna, yaani mkusanyo wa mapokeo ya Kiyahudi uliokamilika karibu na mwaka 200 baada ya Kristo, inasema kwamba tarehe 15 ya mwezi wa Adari, mwezi mmoja kabla ya Pasaka, barabara zilitengenezwa na makaburi yalitiwa alama. Na alama yenyewe inatajwa: chokaa iliyoyeyushwa kwa maji, ikamwagwa juu ya kaburi. Kwa hiyo Bwana Yesu alipokuwa akisema, chokaa ile ilikuwa bado mpya, haijafifia. Ng'ambo ya bonde la Kidroni, mbele ya Hekalu, yapo makaburi yaliyochongwa katika mwamba ambayo hata leo wageni wanaonyeshwa. Waliomsikia hawakuhitaji maelezo.

Mnaona, chokaa ile ilikuwa ikisema, "Usisogee." Ilifanya kazi kama lile fuvu lililochorwa kwenye nguzo ya umeme na neno HATARI chini yake. Kwamba ikiwaka juani kaburi linapendeza, hilo nalo ni kweli, na Bwana alilitaja. Lakini kila Myahudi aliyeona weupe ule alijua aupite mbali.

Luka naye ana neno linalofanana na hili, nalo huwatatanisha baadhi ya wasomaji. Katika Luka 11:44 Yesu anawafananisha watu hao na makaburi yasiyoonekana, ambayo watu hupita juu yake bila kujua. Mathayo anasema yamepakwa chokaa, Luka anasema hayana alama! Mimi sioni ugomvi hapo. Yawe meupe au yamefichika, matokeo ni yale yale kwa mpita njia: amekuja safi, anaondoka najisi. Nadhani hapo ndipo lilipo kali la mfano huu. Ubaya wa mnafiki unaambukiza watu wanaomwamini. Mtu alikuja kwa mwalimu wa dini akitafuta usafi, akatoka na unajisi.

Na mifupa ya ndani ni nini? Hatuna haja ya kubahatisha, kwa maana sura ile ile inaitaja. Mstari wa 4 unataja mizigo mizito waliyowatwika watu, wao wenyewe wasiiguse hata kwa kidole. Mstari wa 23 unasema walitoa zaka ya mnanaa, bizari na jira, viungo vya mchuzi kabisa, huku wakiacha haki na rehema na uaminifu. Mstari wa 25 unataja kikombe kilichosafishwa nje, ndani kimejaa unyang'anyi. Marko 12:40 anaongeza kwamba walikula nyumba za wajane, huku wakisali sala ndefu. Hesabu mwenyewe: kila mfupa hapo ni mtu fulani aliyeumizwa. Mjane amepoteza nyumba. Maskini amebebeshwa mzigo.

Sitaona mahali popote katika sura hii ambapo mtu anaitwa kaburi kwa sababu alilia usiku akanawa uso asubuhi.

Nasema hivyo kwa makusudi. Mama ambaye mara nyingi twamwita kaburi lililopakwa chokaa ni yule tuliyesikia kwamba nyumbani kwake kuna moto. Mume hulewa, au ana nyumba nyingine, au humpiga. Yeye Jumapili anakuja na watoto wake wamepigwa pasi, anatabasamu, anasalimia kila mtu. Siku habari zinapovuja, sisi tunasema, "Kumbe! Alivyokuwa anajifanya!" Kujifanya kwa namna gani, wenzangu? Alitaka aseme nini pale mlangoni pa kanisa, wakati wazee wanapokea sadaka?

Kuna mama mmoja katika 2 Wafalme sura ya 4 ambaye nampenda sana, mama wa Shunemu. Mwanawe wa pekee aliumwa kichwa shambani, akaletwa nyumbani, akakaa magotini pa mama yake mpaka adhuhuri, akafa. Mama akamlaza juu ya kitanda cha nabii Elisha, akafunga mlango, akaomba mtumishi na punda. Mume wake akauliza kwa nini anakwenda kwa nabii leo, akamjibu kwamba ni salama. Alipokaribia, Gehazi mtumishi wa nabii akakimbia kumlaki na kumwuliza habari zake, za mume na za mtoto. Akajibu kwamba hawajambo. Mtoto yuko kitandani amekufa, na mama anasema hawajambo!

Sisi tunaosema Kiswahili tunamwelewa mama huyu kuliko wasomaji wengi. Kwetu hata msibani salamu huja kwanza. Utaulizwa hujambo, utajibu sijambo, kisha ndipo utasema, "Lakini mtoto hatunaye tena." Hakuna anayemwita huyo mwongo. Mshunami alikuwa na siri yenye uchungu, naye alijua Gehazi siye mtu wa kuambiwa. Alipomfikia Elisha mwenyewe mlimani Karmeli, alimshika miguu, akamwaga yote. Gehazi alitaka kumsukuma aondoke. Nabii akamkataza, maana aliona roho yake ina uchungu. Na mtoto alifufuka.

Bwana Yesu naye, katika Mathayo 6:16 hadi 18, aliwaambia wafungao wajipake mafuta na kunawa uso ili watu wasijue kwamba wanafunga. Ukitazama vizuri, pale pale anapowakemea wanafiki anawafundisha wanafunzi wake kuficha jambo. Waliokunja nyuso ili watu waone kwamba wanafunga ndio walioitwa wanafiki. Kwa hiyo kuficha peke yake hakumfanyi mtu kuwa mnafiki. Wazee wetu walikuwa na neno la heshima kwa jambo hili: stara. Mama anayesitiri aibu ya nyumba yake anastahili kupewa neno hilo.

Lakini mama uliye katika hali hiyo, tafadhali usiishie kwa Gehazi. Mshunami hakukaa na maiti chumbani miezi na miaka akijibu hawajambo. Alimtafuta mtu mmoja wa kuambiwa. Mtafute na wewe wako: mama mkubwa, mzee wa kanisa mwenye moyo, mchungaji au mkewe, daktari. Na kama ni kipigo, usisubiri kikao. Roho yako na za watoto wako hazina badala. Hapa Tanzania vituo vingi vya polisi vina dawati la jinsia na watoto; kwenda pale si kumsaliti mume, wala tabasamu lako la Jumapili iliyopita halikufanyi mwongo.

Na sisi tunaojiona washauri, tujichunge. Nabii Ezekieli, sura ya 13, anasema juu ya manabii waliotangaza amani wakati amani haikuwapo. Anawafananisha na watu wanaoupaka chokaa ukuta dhaifu aliojenga mwingine, na mvua kubwa ikija ukuta unaanguka pamoja na chokaa yake. Mwenzetu anatuonyesha ufa, sisi tunachukua brashi: "Vumilia, mwanangu. Ndoa ndivyo zilivyo. Usimwambie mtu." Ukuta ukimwangukia, tunakuwa wa kwanza kufika matangani. Hiyo chokaa aliipaka nani?

Sasa tuje kwa yule ambaye neno hili linamfaa. Mfano wangu utawaudhi wengine, lakini nitausema, kwa kuwa ni mfano ulio ndani ya nyumba zetu.

Yupo msichana wa kazi, hausigeli, aliyeletwa kutoka kijijini. Aliahidiwa mshahara na kwamba atalelewa kama mtoto wa nyumba. Anaamka kabla ya jogoo, analala baada ya wote, jikoni, juu ya mkeka. Mama mwenye nyumba ni katibu wa kikundi cha akina mama. Wageni wa jumuiya wakija, sebule inang'aa, vitambaa vya kochi vimefumwa kwa mkono, chai ya tangawizi imetoka kwa wakati, na mama anaomba sala ya kubariki chakula ndefu mpaka chapati zinapoa. Msichana yuko nyuma ya pazia. Yeye atakula ukoko. Mshahara wake akiuliza, anajibiwa, "Nakuwekea." Mwezi wa tisa sasa anawekewa. Siku akivunja glasi, inakatwa humo humo kwenye fedha ambazo hajawahi kuziona.

Hapo mifupa imo yote, akina mama. Mzigo ambao mwenyewe haugusi kwa kidole, upo. Kikombe kilichosuguliwa nje, kipo. Yakobo 5:4 anasema wazi kwamba ujira uliozuiliwa hupiga kelele, na kelele hizo zinafika masikioni mwa Bwana. Na kama msichana huyo hajatimiza miaka 14, sheria ya kazi ya Tanzania ya mwaka 2004 inakataza kabisa kumwajiri, hata ukimlipa vizuri.

Na unajisi je, unamfikia nani? Unamfikia yule msichana. Alitoka kwao akiwa ameimba kwaya ya watoto. Anarudi akisema kwamba watu wa kanisani ni wabaya kuliko wote, na mama yake akimwamsha Jumapili anageukia ukutani. Yeye ndiye mpita njia aliyekanyaga kaburi. Alikuwa safarini kwenda Pasaka, tukamharibia safari.

Watoto wa kuzaa wenyewe nao wapo njia hiyo hiyo. Mdai anabisha hodi, mama anamwambia mtoto, "Mwambie mama hayupo." Mtoto mdogo anatoka anasema, "Mama amesema hayupo." Kisa hiki tunakicheka kila mahali, nami nakicheka. Ila yule mtoto jioni ataambiwa apige magoti asali, na aliyemwambia ni yule yule aliyekuwa hayupo mchana. Watoto hawahitaji kufungua kaburi, kwani wao wanaishi ndani.

Nimesikia wengine wakisema, basi heri tusijipambe wala tusionekane watu wa sala, ili tusiitwe wanafiki. Hilo nalikataa. Bwana hakuwalaumu Mafarisayo kwa kutoa zaka ya mnanaa. Alisema yale mengine waliyapasa pia, bila kuacha haya. Katika habari ya kikombe alianza na ndani, ili na nje kuwe safi. Vitambaa vya kochi vikae. Sala ndefu iendelee, kama chapati zinavumilia. Lakini msichana wa jikoni aketi mezani, na fedha yake ya miezi tisa ihesabiwe mkononi mwake wiki hii, shilingi kwa shilingi.

Mama atakayesoma sura hii peke yake nyumbani, namwomba asiishie kwenye mstari wa 28. Aendelee mpaka wa 37. Baada ya zile "ole" zote, Bwana yule yule, siku ile ile, anaulilia Yerusalemu, anajifananisha na kuku aliyetaka kuvikusanya vifaranga vyake chini ya mabawa, navyo vikakataa. Wengi wetu tuna kuku uani. Mtazameni jioni, mwewe akipita.

Toleo lijalo, Mungu akipenda, tutachukua neno jingine lililo katika sura hiyo hiyo, mstari wa 24: kuchuja mbu na kumeza ngamia.